Kipande cha Mti cha Rangi ya Buluu

Kama mmefungua droo ya pili ya meza ya ukaguzi mkakuta kile kipande cha mti hakipo, hakikupotea. Nimekichukua mimi. Kitarudi ofisini pamoja na karatasi hizi kabla sijapanda ndege. Siku mliponiaga, mmoja wenu aliniuliza kwa nini mzee aliyefanya kazi ya mizigo Guangzhou miaka ishirini na miwili anarudi Mombasa na mkanda wa bastola ndani ya sanduku, na kwa nini kipande hicho hakiruhusiwi kutupwa. Nilicheka, nikasema ni habari ndefu. Ukweli ni kwamba niliona haya kuisimulia huku mnanikatia keki.

Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu. Niliishia kidato cha nne, nikawa karani wa bandari, kisha nikaja huku kukagua mashati. Siku yangu ya kwanza kwenye maduka ya nguo ya jumla ya Zhanqian Road nilifungua kila katoni na kukunjua kila shati, nikitazama mishono na vifungo. Kufika adhuhuri nilikuwa nimemaliza katoni mbili, na mwenye duka alikuwa amekwisha kuniletea kiti, akidhani naumwa. Mkenya mwenzangu aliyenitangulia akanivuta pembeni, akaniambia kwa kazi hiyo nitazeeka ndani ya duka lile. Fungua katoni moja katika kumi, akasema, na ndani yake tazama shati moja katika kumi. Nikafanya hivyo miaka mingi, na kwa mashati ilitosha. Shati bovu halimuui mtu. Linamtia aibu harusini, basi.

Bi Salma alikuwa mteja wetu wa nguo. Mlimwona uzeeni, lakini wakati ule alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, anapita katikati ya maduka kwa miguu myepesi hata mimi niliyembebea mifuko nilikuwa nabaki nyuma ghorofa nzima. Siku moja, tukisubiri chai, alinieleza kwamba nyumbani, mwisho wa wiki, yeye ni msimamizi katika uwanja wa shabaha. Nikadhani ananitania. Akaniambia hatanii, na kwamba klabu yao ina wanafunzi wapya wengi wasioweza kununua vifaa vinavyotoka Ulaya. Alitaka nimtafutie kiwanda cha kutengeneza mikanda migumu, vifuko vya magazini za risasi, na holsta, yaani kile kifuko cha plastiki kinachoshika bastola kiunoni.

Nikamwambia hakuna shida, nitakagua kama ninavyokagua kila kitu. Akaweka kikombe chini. "Athumani, wewe hukijui kitu hiki. Likizo yako ni lini?"

Ndivyo nilivyoanza mchezo huu, nikiwa na miaka arobaini na tisa na tumbo la mtu wa ofisini. Mwezi uliofuata nilikuwa Mombasa, kwenye uwanja wa klabu nje kidogo ya mji, pamoja na wanagenzi wengine sita. Nilidhani tutapiga risasi. Siku ile ya kwanza hatukupiga hata moja. Asubuhi nzima Bi Salma alitufundisha mambo mawili tu: mdomo wa bastola uelekee wapi, na kidole kikae wapi. Mdomo uelekee kwenye tuta la udongo, siku zote, hata ukikimbia, hata ukigeuka, hata nyuki akikuuma. Kidole kinyooke pembeni, mbali na kifyatulio, mpaka macho yawe yameshika shabaha. Uwanjani hakuna bastola yenye risasi mpaka msimamizi aseme. Anayekosea moja kati ya hayo anaondolewa mashindanoni siku hiyo hiyo, awe mgeni au bingwa, na hakuna anayesikiliza maelezo yake.

Mchana tukafundishwa mchezo wenyewe. Kila kituo kina mabango ya kadibodi, mengine yamejificha nyuma ya kuta za mbao, mengine yamepakwa rangi nyeupe na hayo ukiyapiga unakatwa pointi. Saa ndogo inalia, unachomoa bastola, unakimbia, unapiga. Mwishoni pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Basi anayelenga vizuri lakini kwa mwendo wa kobe anashindwa, na anayekimbia kama swala bila kulenga anashindwa pia. Kabla ya zamu, wachezaji hupewa dakika chache za kutembea kituoni mikono mitupu, wapange pa kusimama. Mkiona watu wazima saba, mmoja ana mvi, wakinyoosha vidole hewani na kunong'ona hesabu, mtadhani wametoroka wodi fulani.

Aliyenisaidia hesabu hiyo ni mwanagenzi mwenzangu, Mwalimu Mutua, mwalimu wa hisabati wa sekondari, mtu mpole mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba nyuma ya kichwa. Aliniambia mimi nikikimbia naonekana kama mtu anayefukuza basi asilotaka kulipata. Nikamwambia yeye akilenga anaonekana kama anasahihisha daftari. Tukawa marafiki. Niliporudi Guangzhou alikuwa akiniandikia kila wiki: leo amechomoa kwa sekunde mbili na nusu, leo mbili na nukta tatu. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano yake ya kwanza, na aliyatayarisha kama mtihani wa taifa.

Nilipata kiwanda upande wa Baiyun. Mwenye kiwanda alikuwa mama mfupi, tulimwita laobanniang, yaani mama bosi, na yeye aliniita pengyou, rafiki, jina wanalowaita Waafrika wote mpaka uwape sababu ya kukumbuka lako. Alikuwa akitengeneza mikanda ya mafundi umeme na kamba za mbwa. Alikubali mikanda, vifuko na holsta. Tatizo lilikuja kwenye kupima. Mimi, kwa akili zangu, nikamwomba fundi wake wa mbao achonge bastola ya mti ili tuone kama holsta inashika. Laobanniang akanyang'anya karatasi niliyokuwa nachora, akaichana vipande vipande. "Bu xing," akasema, haiwezekani, na akarudia mpaka nikaelewa kwamba haongei juu ya bei. Huku kitu chenye sura ya bastola, hata cha mti, hata cha kuchezea, ni mlango wa matatizo makubwa. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo na sikuwa nimefikiria jambo hilo hata dakika moja. Angekuwa mtu mwingine angeniacha nichonge nikajionee.

Bi Salma, nilipomweleza, alinigombeza kwa simu kama mtoto wa madrasa, kisha akanitumia vipimo. Ndicho kipande mnachokijua: mraba mrefu kama mche wa sabuni, unene na upana sawa na sehemu ya bastola inayoingia ndani ya holsta, mfereji mdogo upande mmoja, na ndani chubwi za kuvulia samaki ili kipate uzito. Ukikitazama huwezi kusema ni kitu gani. Tulikipaka rangi ya buluu ya bei rahisi kisichanganyike na mabaki ya mbao za ghala. Kupima ni hivi, na msibadilishe: kiingize mpaka kisikike kimekaa, geuza holsta kichwa chini, tikisa mara tatu kwa nguvu. Kikianguka, holsta inarudi kiwandani. Bi Salma alipokuja alipima sampuli sita yeye mwenyewe, akaridhika, na kabla ya kuondoka akaniambia neno moja juu ya mzigo kamili. Zote. Si moja katika kumi. Zote.

Mzigo kamili ulikuwa holsta mia moja na sitini. Ulikamilika Alhamisi, na kontena letu lilikuwa linafungwa bandari ya Nansha kesho yake. Nilikuwa na mizigo ya watu wengine wanne siku hiyo, mgongo unauma, na mkono wangu ulikuwa na mazoea yake. Nikapima kumi na sita. Zote kumi na sita zilishika vizuri sana. Kwenye karatasi ya ukaguzi nikaandika kwamba mia moja na sitini zimepimwa, nikatia sahihi, nikaenda kula. Ningependa kuwaambia kwamba moyo ulinisuta. Haukunisuta. Nilikula vizuri.

Miezi michache baadaye nilikuwa ofisini nikitafuna maandazi ya mvuke, video ikaingia kwenye simu kutoka kundi la klabu. Ilikuwa siku ya mashindano ya kwanza ya Mwalimu Mutua, na kiunoni alivaa holsta ya mzigo wetu. Kituo kilianza kwa kukimbia hatua kumi kabla ya kuchomoa. Saa ikalia, Mwalimu akatoka kwa kasi ambayo sikujua anayo, na kwenye hatua ya nne au ya tano bastola yake ikaruka kutoka kiunoni na kuanguka kwenye kokoto, ikiwa na risasi ndani, tayari kufyatuka.

Wanafunzi wengi hapo huinama kuiokota, na hapo ndipo mtu hufa. Mwalimu hakuinama. Alisimama alipokuwa, akainua mikono usawa wa mabega, akatulia mpaka msimamizi akaja, akaiokota bastola na kuiondoa risasi. Alifanya kila kitu sawasawa. Kisha akaambiwa ameondolewa, kwa sababu kanuni haiulizi imeangukaje. Video inamwonyesha akifungua mkanda polepole, miwani imeteleza puani. Nyuma yake unasikia mtu akicheka.

Nililijua kosa ni la nani kabla video haijaisha. Ghalani kulikuwa na katoni moja ya holsta zile zile iliyobaki kwa oda nyingine. Nikaenda nikaanza kupima, kiingize, geuza, tikisa. Ya saba ikaachia. Kipande kikanianguka juu ya kiatu. Nikaifunga katoni, sikuendelea.

Jioni ile Bi Salma alipiga simu. Sauti yake haikuwa na hasira. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ulizipima zote?"

"Zote," nikasema.

Hilo ndilo neno ninalolijutia kuliko yote niliyowahi kusema nchi hii, na nimewahi kusema mengi. Kwa kuwa holsta zilikuwa "zimepimwa", lawama ilimrudia Mwalimu. Ikasemwa kwamba alichokonoa skrubu ya kubana holsta nyumbani ili achomoe haraka. Alikana, wakamwamini nusu nusu. Kwenye kundi wakamwita Mwalimu Dondosha. Wiki hiyo hakuniandikia muda wake wa kuchomoa. Wiki iliyofuata alijitoa kwenye kundi, na mimi nikakaa kimya miezi mitatu. Kila nilipofungua droo nilikiona kile kipande, nikaifunga.

Msimu wa nguo ulipofika Bi Salma akaja. Tulizunguka maduka siku nzima kama kawaida, na mwisho akakaa ofisini kwenye kile kiti chenye mguu mfupi. Akaomba aone kipande cha kupimia. Nikampa. Akakigeuza mkononi, akakipeleka dirishani penye mwanga. Buluu ilikuwa inang'aa pande zote, pembe zake hazijakwaruzika isipokuwa alama mbili tatu.

"Rangi nzuri hii," akasema. "Imeingia holsta mia moja na sitini na haikuchubuka."

Akakiweka mezani katikati yetu, akaanza kunywa chai yake. Hakuuliza lolote. Nadhani angekaa pale mpaka ofisi ifungwe. Nikamweleza kila kitu: kumi na sita, sahihi, katoni ya ghalani, ile ya saba. Nilipomaliza nikamwambia kwamba kama anataka kuhamishia mizigo yake kwa wakala mwingine nitamsaidia kumpata.

"Mizigo yangu iache," akasema. "Mimi umenidanganya, na nitapona. Yule mtu alifanya jambo gumu kuliko yote uwanjani, alisimama asiokote, na akachekwa. Nenda kamwambie wewe mwenyewe. Si kwa simu."

Kabla ya kusafiri nilikwenda kwa laobanniang. Nilitegemea ugomvi. Alizitazama holsta kwa miwani ya kusomea na baada ya muda akaonyesha kijipete cha mpira chini ya skrubu ya kubana: katika baadhi yake kilikuwa chembamba kuliko vingine, mfuko mmoja mbaya kutoka kwa aliyemuuzia. Holsta nzima inategemea kitu kidogo kama punje ya mtama. Hakunilaumu kwa kuchelewa kumwambia, ingawa alikuwa na haki. Aliwasimamisha mafundi wake wawili, tukapima pamoja katoni yote ya ghalani, akanijazia mfuko wa vijipete vipya na kuufunga kwa uzi mwekundu. Tangu siku hiyo aliacha kuniita pengyou. Aliniita Athumani, kwa matamshi yake, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au tahadhari.

Kwenye uwanja wa ndege askari alikitoa kipande kwenye begi, akakigeuza, akauliza ni nini. Nikasema ni cha kuzuia mlango. Akakubali, maana ndivyo kinavyofanana.

Klabu walinipa chumba na meza. Nilipima holsta zote walizokuwa nazo kwa siku mbili, Bi Salma akiandika. Zilizoachia zilikuwa kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa nyumbani kwa Mwalimu Mutua.

Nilimkuta akisahihisha mitihani barazani. Akanikaribisha, mkewe akaleta maji. Nilisema nikiwa bado nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za watoto. Nilimwambia holsta yake haikupimwa, nilipima moja katika kumi, niliandika zote, na nilipoulizwa nikasema uongo, na kwa miezi yote hiyo jina lake likaliwa na watu wakati mimi najua.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu.

"Moja katika kumi," akasema. "Na mimi nilikuwa kwenye wale tisa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilimwambia mke wangu labda kweli niliigusa ile skrubu nikasahau. Umenifanya nisijiamini ndani ya nyumba yangu."

Akaingia ndani, akarudi na holsta ndani ya mfuko wa nailoni. Nikabadilisha kijipete pale pale mezani pake, juu ya mitihani, nikaingiza kipande, nikageuza, nikatikisa mara tatu. Kikashika. Nikampa. Hakuipokea.

"Vaa wewe," akasema. "Jumapili kuna mashindano. Kimbia nayo mbele ya watu. Ikikaa, tutazungumza. Ikianguka, usije hapa tena."

Mimi sikuwa nimepanga kushindana. Nilikuwa nimepitia mafunzo ili nijue kukagua, na sikuwa nimegusa bastola tangu likizo ile. Bi Salma alinikubalia kutumia bastola ya klabu chini ya jicho lake, baada ya kunipitisha upya mafunzo yote siku ya Ijumaa na Jumamosi. Na Jumapili, kabla ya kuanza, aliniamuru niwaeleze washindani wote nilichofanya. Nikaeleza. Yule aliyecheka kwenye video aliangalia viatu vyake.

Kituo kilikuwa kile kile, hatua kumi kabla ya kuchomoa. Mwalimu alisimama nyuma ya uzio, mikono mfukoni, hana mkanda. Bi Salma akasimama nyuma ya bega langu. "Jaza, jiandae," akasema. "Uko tayari?" Nikaitikia kwa kichwa. "Subiri mlio."

Saa ikalia nikakimbia. Sikuwahi kuwaza kitu chochote kwa nguvu kama nilivyouwaza ule uzito kiunoni kwangu, hatua ya nne, ya tano, ya sita. Ulikaa. Nilipofika nikachomoa, na kuanzia hapo mambo yalikuwa mabaya kama mnavyotarajia. Nilipiga bango jeupe mara mbili, nilisahau bango moja nyuma ya ukuta, nilibadilisha magazini kama mtu anayetafuta funguo gizani. Lakini mdomo ulielekea kwenye tuta mwanzo mpaka mwisho, na kidole kilikaa mahali pake. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa ameondoka mapema kwa sababu ya harusi.

Mwalimu alikuja akasimama mbele yangu. Aliingiza vidole chini ya mkanda wangu, akaivuta holsta huku na huku, akaikagua skrubu.

"Unakimbia vibaya kuliko zamani," akasema. "Vua."

Nikavua. Aliivaa mwezi uliofuata, na miaka mingi iliyofuata. Hakuniandikia tena muda wake wa kuchomoa, na sikumwomba. Lakini kila nilipokwenda likizo aliniwekea nafasi kwenye kundi lake la wapigaji, na ndivyo nilivyopata mchezo, afya kidogo, na marafiki ambao sikustahili. Bi Salma hakuhamisha mzigo wake hata mmoja kutoka kwetu mpaka alipostaafu. Watu wawili walikuwa na kila sababu ya kunifungia mlango, na hawakuufunga. Sijui niwashukuru vipi zaidi ya kuyaandika haya.

Mkanda ulio kwenye sanduku langu ni wa oda ile ile. Kuhusu kipande: tangu mwaka ule hakuna holsta iliyotoka ofisini kwetu bila kupita juu yake, moja moja, na mtakumbuka kilivyokuwa siku naondoka, mti mtupu, mweusi kwa jasho la mikono, hakina buluu hata ya kuonyesha mgeni. Jana nilikipiga msasa, nikakipaka rangi upya. Safari hii ni nyekundu. Mwenyezi Mungu akinipa uzima nitakuja kuwatembelea baada ya mwaka mmoja. Sitawauliza kitu. Nitaomba chai, nitafungua droo ya pili, nitakipeleka dirishani.